Kamba, kifaa na mkono: ushauri kwa wanaoanza kupanda miamba Dodoma

Wengi wanaokuja kujifunza kupanda miamba ya graniti hapa Dodoma huuliza kwanza ni kifaa kipi kinachoshika vizuri zaidi. Nawajibu kwamba anayemshika mpandaji ni mwenzake aliye chini, kwa mkono wa breki, yaani ule unaoshika upande wa kamba usio na mpandaji, na kwamba kazi ya kifaa cha msuguano ni kuongeza nguvu ya mkono huo kwa kuikunja kamba. Jaribuni mkiwa bado ardhini: pitisheni kamba kwenye kifaa cha kawaida chenye matundu mawili, mmoja wenu aivute, nanyi mshike upande wa breki sambamba na ule unaovutwa. Kamba itateleza. Teremsheni mkono hadi usawa wa paja, kamba ijikunje kwenye ukingo wa kifaa na karabina (pete ya chuma yenye mlango inayokiunganisha na mkanda wenu), na mvuto uleule utazuilika bila kutumia nguvu nyingi. Kwa hiyo mkono wa breki hauachii kamba kamwe. Unapohitaji kusogezwa, huteleza juu ya kamba ukiwa umeizunguka.

Vifaa vinavyosaidia kubana, kama Grigri iliyotolewa na kampuni ya Petzl ya Ufaransa mwaka 1991, ni msaada mkubwa, lakini kamba ikiingizwa kinyume havibani. Kabla mpandaji hajaondoka ardhini, vuteni upande wake kwa ghafla mwone kama kamba inasimama. Nane, yaani kifaa chenye umbo la tarakimu 8, ni nzuri kwa kushukia, ingawa husokota kamba. Kwa kumshikia mpandaji siipendekezi, kwa kuwa msuguano wake ni mdogo. Kumbukeni pia kwamba kamba mpya au nyembamba huteleza zaidi, hivyo someni unene wa kamba ulioandikwa kwenye kifaa chenu.

Kushuka kwa kamba kunahitaji uangalifu wa pekee. Mwanzoni uzito wa kamba inayoning'inia hukusaidia kufunga breki, lakini kadiri unavyokaribia chini uzito huo hupungua, na mwendo huongezeka wakati ambapo mkono umeshachoka. Fungeni fundo kwenye kila ncha ya kamba, kisha wekeni fundo la prusiki, yaani kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa kwenye kamba kuu na kuibana kikivutwa, chini ya kifaa, fupi kiasi cha kutokigusa, kwa sababu likikigusa halitabana. Shukeni polepole: kifaa cha alumini hupata moto haraka, na tepe za Dyneema, nyuzi imara za plastiki, huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hivi.

Vumbi letu la kiangazi nalo si jambo dogo. Chembe za graniti hunasa kwenye kamba na kukikwangua kifaa kama msasa, hadi ukingo unakuwa mkali kiasi cha kuikata kamba yenyewe. Tandikeni turubai chini ya kamba, na kamba ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kuanikwa kivulini. Pitisheni ukucha kwenye mfereji wa kifaa kila mnaporudi. Mkihisi ukali, kiacheni, hata kama kukipata kingine kutachukua muda.