Jembe nililolisugua kwa mchanga

Bustani yangu ya lengalenga, yaani mchicha, iko bondeni, kando ya mto Lubumbashi, huku Kongo kwenye migodi ya shaba. Asubuhi moja nilikuta majani yameungua pembeni kama yamepitiwa na moto, na kati ya matuta kumetuama maji ya kibuluu yanayokereketa koo. Jembe nililolisahau humo usiku kucha lilikuwa limebadilika rangi. Haikuwa kutu. Lilikuwa limevikwa shaba, nyembamba, inang'aa. Maji ya asidi yaliyobeba shaba yakikuta chuma, ndivyo yanavyofanya.

Nikalisugua kwa mchanga mpaka shaba yote ikatoka. Nikang'oa mboga, nikafukia dimbwi. Mkaguzi alipofika wiki ya tano, mvua ilishaosha yaliyobaki. Akaniuliza, "Mama, sasa mimi niandike nini?"

Kwa hiyo maji ya kiwanda cha madini yakikuingilia shambani, watoto na kuku waondoke kwanza, na aliyekanyaga aoshwe miguu kwa maji safi mengi. Halafu usisafishe kitu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, jaza chupa ya kioo, funga, andika SUMU kwa herufi kubwa, na siku, saa na mahali. Jirani atie sahihi. Piga picha zinazoonyesha dimbwi pamoja na ukuta au mti unaojulikana, kisha fuata maji yanakotoka, ukipiga picha njia nzima. Hesabu matuta, andika na bei ya fungu sokoni siku hiyo.

Barua ipeleke kwa shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, ofisi ya komuni, na Divisheni ya Madini, ofisi ya serikali ya migodi. Kila mahali nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Usitoke bila huo. Ndani ya barua taja kifungu cha 285 bis cha Kanuni ya Madini, sheria ya migodi ya Kongo, iliyorekebishwa 2018: mwenye haki ya mgodi hulipa hasara ya shughuli zake hata kama hakufanya uzembe. Huna haja ya kujua nani alifungua bomba. Onyesha tu kwamba maji ni yake.

Novemba 2025 serikali iliisimamisha kampuni moja ya madini hapa mjini kwa miezi 3, baada ya maji ya bwawa lake la maji machafu kuingia mitaani. Yale mji mzima uliyaona. Ya kwenye matuta yako utayaona wewe peke yako.

Mvua zikianza, mabwawa hujaa. Siku hizo nashuka bondeni kila alfajiri, na chupa mbili tupu kikapuni.