Re: Bibi ana miaka 74, Likoni, Mombasa. Apate wapi chakula cha serikali?

Dada, chakula cha msaada mjini hakina ratiba, huja kwa dharura na kuisha. Kinachomfaa bibi ni Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya: shilingi 2,000 kwa mwezi, pesa si chakula, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni.

Anzeni kwa mzee wa mtaa, awapeleke kwa chifu wa lokesheni anayoishi bibi sasa, si ya kwao kijijini. Beba kitambulisho halisi na kopi. Ukiambiwa usajili haujafunguliwa, usirudi mikono mitupu. Hakikisha jina lake limeandikwa, nambari ya kitambulisho ikiwa sahihi, kisha pita kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa sabkaunti.

Kabla ya yote, soma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia, na mtambo wa usajili hufuata kilichoandikwa hapo. Kama kinamwonyesha ana miaka 66, anzeni na marekebisho Huduma Centre, la sivyo fomu itakataliwa tu.

Alama za vidole nazo ni shida kubwa. Mikono iliyosuka makuti miaka na miaka, mashine haiisomi. Kwa hiyo mwandikisheni mlezi wa kumpokelea pesa siku hiyo hiyo, mtu anayeishi naye na mwenye kitambulisho. Laini ya simu nayo iwe kwa jina la bibi mwenyewe, isiwe ya mjukuu.

Na kujiandikisha ni bure. Anayewaomba "ya chai" msimpe.