Muulize Shangazi: Programu ya Simu kwa Wageni wa Mtaani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma kompyuta, naishi Nyegezi. Nataka mradi wangu wa mwaka wa mwisho uwe programu ya simu ya kuwasaidia wahamiaji wanaokuja Mwanza, hasa Wakongo na Warundi, wazoeane na wenyeji. Nimeshapanga kurasa: orodha ya hospitali, shule, vituo vya polisi, nauli za daladala, na sehemu ya kuchati. Mwalimu anasema kuna kitu kinapungua, ila ananitaka nikitafute mwenyewe. Unaonaje?
*Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinachopungua ni mwenyeji. Kwenye mpango wako mgeni anasoma, anatafuta, anachati na wageni wenzake. Mtu wa Mwanza hana sababu hata moja ya kuifungua hiyo programu. Sasa huyo mgeni atazoeana na nani?

Kabla sijastaafu nilikuwa nabuni huduma za simu, na sasa nakaa Kirumba, karibu na mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Wafanyabiashara wa Kongo wanakuja pale kuchukua dagaa wakavu, magunia kwa magunia, na baadhi yao wamepanga vyumba mtaani kwetu. Jirani yangu mmoja ni mama kutoka Uvira. Hospitali aliijua mapema, bodaboda alimpeleka. Asichokijua ni kwamba mtaani kukitokea msiba, mjumbe anapita na daftari, kila nyumba inachangia, na wanawake wanakwenda kuchambua mchele na kumenya ndizi. Msiba wa kwanza alifunga mlango wake kwa heshima, akidhani anawaachia wafiwa nafasi. Watu wakasema ana maringo. Msiba uliofuata nilimgongea, nikamwambia mama, chukua kisu twende. Alimenya ndizi mpaka usiku, na jina lake likaingia kwenye daftari. Tangu hapo mwenye duka anamkopesha sukari, na watoto wake wanaitwa kucheza.

Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kubebwa na programu yako: msiba, zamu ya kufagia uani, umeme wa luku unachangwa vipi nyumba yenye wapangaji wengi, dalali gani wa kumkwepa, kwa nini ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujapata shida. Hayo hayapo kwenye orodha ya ofisi, na wewe uliyekulia hapa huyaoni. Kawaulize waliofika mwaka jana.

Kisha tengeneza upande wa mwenyeji. Mgeni aunganishwe na mtu mmoja wa mtaa huohuo, aliyejitolea na anayefahamika kwa mwenyekiti, na wote wawili wawe na cha kupeana. Yule mama wa Uvira anazungumza Kifaransa kama maji, na pale mtaani kuna wanafunzi wa sekondari wanaokihangaikia. Mwingine ni fundi cherehani. Mwache mgeni aandike anachojua kabla ya kuandika anachohitaji. Sehemu ya kuchati iondoe kabisa, magrupu ya WhatsApp ya mitaa yapo tayari.

Kwa kujifunza, itazame Ankommen, programu ya simu ya wageni ambayo Ujerumani iliitoa Januari 2016, miezi michache tu baada ya wimbi kubwa la wakimbizi la 2015. Ilikuwa na masomo ya Kijerumani, maelezo ya kuomba hifadhi na ya kutafuta kazi, kwa lugha tano, na ukishaipakua iliweza kutumika bila intaneti. Hilo la mwisho lichukue, maana bando linaisha. Masomo ya lugha usiyape kipaumbele: mtu wa Kivu anakuja na Kiswahili chake mdomoni. Weka na sauti za kusikiliza kwa wasiosoma, na njia ya ujumbe mfupi kwa wenye kiswaswadu, ambao ni wengi kuliko mnavyodhani huko chuoni.

Kuijaribu, nenda mwaloni saa sita mchana. Mpe simu mama anayeanua dagaa, jua likiwa limepiga kioo na vidole vina vumbi la samaki. Nyamaza, usimwelekeze. Anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Na hili nakusihi, mwanangu: usihifadhi mahali mtu alipo, wala hadhi yake ya uhamiaji. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakimbizi wakae maeneo waliyotengewa, na kutoka ni kwa kibali. Ramani yenye majina ikivuja, umewaweka watu hatarini wewe mwenyewe uliyetaka kuwasaidia. Jina la kuitwa na mtaa vinatosha.

SWALI: Shangazi, natokea Bukavu, nauza nguo soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Kuna programu ya kutafutia vyumba imenitaka nipige picha pasipoti yangu, kurasa zote, ndipo nione vyumba. Nitume?
*Mama wa vitenge*

JIBU: Usitume, mama. Kutazama vyumba hakuhitaji pasipoti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazitakia nini, achukue zile zinazohitajika tu, na awe amesajiliwa na Tume inayosimamia sheria hiyo. Waulize kama wamesajiliwa. Wakikaa kimya, ifute. Chumba kitafute kupitia wenzako wa sokoni, na ukikipata, nenda na mwenye nyumba ofisi ya serikali ya mtaa. Pasipoti yako waoneshe pale, mkononi mwako, kisha uirudishe kwenye mkoba.