Mkonga umenyanyuliwa, stelingi inacheza: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser mkonga, yaani pikapu, HZJ79 yenye injini ya 1HZ. Natoa vitunguu Mang'ola kwenda Karatu, mara nyingine hadi Arusha. Kwa sababu ya mawe ya njia ile nililinyanyua gari inchi mbili kwa springi na shokapu ndefu, nikafunga na tairi kubwa. Tangu hapo stelingi inacheza. Kwenye lami nakwenda nikirekebisha kushoto kulia muda wote, na nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe. Mwanzoni usukani ulikaa upande, fundi wangu akauchomoa akaurudishia ukiwa umenyooka. Sasa anasema tukaze skrubu ya stelingi boksi, lile boksi la meno linalopokea mzunguko wa usukani, au nifunge shokapu mpya ya stelingi. Nifanye lipi? Msomaji, Karatu.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa sasa usifanye hata moja. Gari lako lina matatizo mawili, kila moja na dawa yake, na yote mawili yameanzia siku ulipolinyanyua.

Nianze na ule usukani, maana hapo ndipo nilipokunja uso niliposoma barua yako. Ukinyanyua mkonga, ile fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi kwenda kwenye tairi, dragi linki, inalala kwa pembe kali zaidi. Matokeo yake tairi zikinyooka usukani unakuwa umekaa upande. Dawa yake ni kulegeza klampu za dragi linki na kuizungusha irefuke au ifupike mpaka usukani ukae sawa. Kuuchomoa usukani na kuurudishia kunanyoosha kinachoonekana kwa macho tu. Ndani ya boksi, meno bado yamekaa pembeni. Na boksi hizi zimetengenezwa zibane zaidi pale katikati kabisa, ambapo gari linakwenda moja kwa moja. Ukitoka katikati, meno yana nafasi. Kwa hiyo unaendesha kilomita zote za lami ukiwa kwenye sehemu ya boksi ambayo kwa asili yake inacheza, hata kama boksi ni nzima.

Sasa ukikaza skrubu ukiwa huko pembeni, mchezo utapungua na utafurahi. Kisha utafika kwenye kona, meno yatapita katikati, yatabana kupita kiasi, na stelingi itakuwa nzito au itang'ang'ania. Boksi nzuri inaharibiwa hivyo. Mwambie fundi achomoe dragi linki kwenye boksi, azungushe usukani toka mwisho mmoja hadi mwingine akihesabu mizunguko, arudi nusu. Hapo ndipo katikati. Usukani uwekwe sawa hapo, kisha dragi linki irekebishwe urefu ifuate tairi zilizonyooka. Skrubu iguswe baada ya hayo, ikibidi, robo mzunguko au chini ya hapo.

Kabla ya kununua kifaa chochote, tafuta mtu wa kukaa kwenye usukani. Gari liwe chini, juu ya tairi zake, lisiwe kwenye jeki. Piga handibreki, weka kabari kwenye tairi za nyuma, gia iwe nyutro, injini iwake ili pawa stelingi ifanye kazi. Mwenzako atikise usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, bila kuacha. Wewe lala chini na tochi. Usitazame tu, weka kiganja kwenye kila kiungo, kwa sababu mkono huhisi kile ambacho jicho halioni. Anza juu: viungo vya shafti ya usukani, kisha boksi yenyewe. Je, boksi inasogea kwenye chesisi? Kaza bolti zake, futa tope na uangalie kama chesisi imepasuka hapo. Gari la njia ya mawe lenye tairi kubwa linaweza kupasuka sehemu hiyo. Shuka kwenye pitimani amu, ule mkono unaotoka kwenye boksi kushika dragi linki, kisha ncha za dragi linki, na tairodi endi zote, yaani viungo vya ncha za fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele. Upande mmoja wa kiungo ukisogea na wa pili umetulia, umempata mwizi.

Halafu tazama panhadi rodi, ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame pembeni. Hii mafundi wengi huiruka. Bushi zake, ile mipira ya kwenye ncha, zikiisha, unazungusha usukani na ekseli nzima inahama kwanza kabla tairi hazijageuka. Dereva anaapa boksi imekufa, kumbe ni bushi.

Baada ya hapo piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukitoweka, ni beringi za hab, kitovu cha tairi, zikazwe au zibadilishwe. Ukibaki vilevile, ni beringi za kingpini, pini ambazo tairi hugeukia juu yake, kwenye lile tufe la mwisho wa ekseli, na kazi yake ni kufungua, kubadilisha na kupanga upya shimu, vile vibati vyembamba vya kuweka nafasi. Usikubali mtu akuambie grisi itatosha.

Hayo ni ya kucheza. Lile la usukani kutorudi baada ya kona ni jingine. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala kurudi nyuma kwa juu. Ndio unaofanya baiskeli inyooke yenyewe. Ekseli ya mkonga nayo ina mlalo huo, mafundi tunauita kasta. Ukinyanyua gari inchi mbili, zile amu mbili zinazoshika ekseli zinainama na kuizungusha, na mlalo unapungua kwa digrii kama mbili hadi tatu. Gari linapoteza hamu ya kwenda moja kwa moja. Hakuna skrubu wala shokapu ya kurudisha hilo. Kuna bushi za amu zenye tundu lililotobolewa pembeni, zinaizungusha ekseli irudi. Zifungwe kwa upande sahihi, maana zikigeuzwa zinaongeza ubaya. Kisha upeleke gari kwenye mashine ya alaimenti, ya kupima jinsi tairi zilivyokaa, na uombe karatasi yenye namba za kasta, za kabla na za baada.

Shokapu ya stelingi ina kazi yake: kupunguza kipigo tairi likigonga jiwe. Ukiifunga mpya juu ya vyuma vilivyolika, mtetemo utajificha, na vyuma vitaendelea kulika bila wewe kujua. Ifunge mwisho.

Nakusihi jambo moja. Mpaka gari likaguliwe, usishuke nalo ule mteremko wa Mto wa Mbu ukiwa na mzigo. Vitunguu vikirundikwa nyuma ya ekseli ya nyuma vinapunguza uzito wa tairi za mbele, na stelingi iliyolegea inazidi kuwa nyepesi kwenye kona zile. Na watu juu ya magunia, hapana. Waambie wapande Noah, nauli yao ni ndogo kuliko uhai.

SWALI: Hilux yangu LN167 nilikaza tosheni baa za mbele ili liinuke. Sasa tairi zinalika upande mmoja na gari linavuta. Msomaji, Mbeya.

JIBU: Hilux hiyo haina ekseli nzima mbele kama mkonga, hivyo kila ukikaza tosheni baa, zile fimbo zinazojipinda na kufanya kazi ya springi, unabadilisha jinsi tairi zinavyosimama na zinavyotazamana. Boljointi na shafti za mbele nazo zinafanya kazi kwa pembe mbaya. Legeza baa, pima urefu toka katikati ya tairi hadi kwenye ukingo wa madigadi pande zote mbili zilingane, uendeshe kidogo ndipo upime tena, kisha alaimenti. Kabla ya alaimenti, shika aidla amu, mkono unaoshikilia fimbo za stelingi upande usio na stelingi boksi, uisukume juu na chini. Ikicheza badilisha kwanza, la sivyo utalipia alaimenti ambayo haitadumu.