Kiumbe asiye na mkono anajengaje kwa mchanga?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeona picha ya viumbe wa kwenye vinamasi vya maji chumvi wanaojijengea gamba kwa chembe za mashapo. Kiumbe wa seli moja, hana mkono wala ubongo, anachaguaje chembe? Na kwa nini asitengeneze gamba la chokaa kama konokono? – Msomaji mdadisi

JIBU: Marahaba. Hao ni foraminifera, na wengi wa vinamasini hawafiki hata milimita moja. Mkono kweli hana, ila ana nyuzi nyembamba za utelezi zinazochomoza kwenye tundu la gamba, zikaungana na kuachana mithili ya wavu. Kwa nyuzi hizo hunasa mwani na bakteria, na kwa hizo hizo hukokota chembe. Akitaka kuongeza chumba, huzipanga chembe juu ya utando wa ndani na kuzigandisha kwa gundi anayoitoa mwilini.

Kuhusu kuchagua, tusimpe akili asiyokuwa nayo. Lakini hazoi ovyo pia. Tazama kwa hadubini tope la sehemu moja: Trochammina inflata ana vyumba vilivyovimba na kujizungusha, rangi ya kahawia, vile vya kwanza vikiwa vimekolea zaidi, na ukuta wa chembe ndogo sana hata unaonekana laini. Jirani yake Miliammina fusca ni mrefu, na ukuta wake unakwaruza, si laini. Punje za kwatzi, yale madini magumu ya mchangani, zinaonekana moja moja. Tope ni lile lile, kuta mbili tofauti. Jadammina macrescens naye hutumia chembe chache na utando mwingi, ndiyo maana akikauka vyumba vyake hubonyea.

Sasa chokaa. Wanaoitumia wapo, kama Ammonia, hasa sehemu za chini za kinamasi. Shida ni kwamba mizizi na majani yanayooza hutia tope asidi, na asidi hula chokaa; mara nyingi kinachobaki ni ule utando wa ndani tu. Kwatzi haijali asidi hiyo. Gundi ndiyo dhaifu, kwa sababu nayo ni kitu cha kuoza, na wengine husambaratika wakishafukiwa.

Magamba yanayobaki yana faida kubwa kwa watafiti. Kila kimo cha kinamasi kina mchanganyiko wake wa aina za foraminifera: wa juu kabisa, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, si sawa na wa chini unaofunikwa kila maji yanapojaa. Mwaka 1978 watafiti Scott na Medioli walionyesha kuwa kwa mpangilio huo unaweza kukisia bahari ilikuwa kimo gani zamani, ukisoma magamba yaliyofukiwa.

Ukitaka kuwaona mwenyewe, osha tope kwenye chekeche lenye matundu ya mikromita 63 na uwatazame wakiwa ndani ya maji. Usiwaanike, hasa Jadammina.