Je, mwanangu atageuzwa kitu cha majaribio?

SWALI: Ninasoma shahada ya pili na mwanangu ana miaka 3. Chuo chetu kina kituo cha kulea watoto, lakini wanafunzi wa ualimu huwatazama na kuandika. Nimpeleke?
Mama Mwanafunzi

JIBU: Mama, mpeleke, ila uulize kwanza. Nimefundisha miaka mingi katika kituo cha aina hiyo. Tulikuwa na mtoto aliyekaa kimya siku nzima. Mwanafunzi mmoja aliandika kila alichofanya kwa wiki mbili, akagundua kwamba huzungumza akichezea maji tu. Tukahamishia hadithi zetu kando ya beseni, naye akaanza kuuliza maswali. Mwalimu mmoja mwenye watoto ishirini angelionaje hilo?

Utaratibu huu ni wa zamani. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, pia Marekani, mwanasaikolojia Walter Mischel aliwapa watoto chaguo: kitamu kimoja sasa, au viwili ukisubiri. Huo ndio utafiti wenyewe, mara nyingi ni mchezo.

Hata hivyo, kila utafiti uombewe ridhaa yako kwa maandishi, na uweze kukataa bila mtoto kupoteza nafasi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wanafunzi hubadilika kila muhula, na mtoto mdogo huumia anapoachwa na aliyemzoea. Uliza ni mwalimu gani wa kudumu atakayempokea kila asubuhi, kisha ukae naye kidogo umwone akifanya kazi.