Digrii ya kemia na kazi ya dhahabu: nilivyopita mimi

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kemia anapata nafasi kwenye uzalishaji wa metali au ni kazi ya mainjinia tu. Anapata. Nina miaka tisa kwenye dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Nilianzia maabara, sasa niko planti, yaani mtambo wa kuchenjua dhahabu.

Mwaka wa kwanza ni sampuli za mawe tu: kukausha, kuponda, kusaga mpaka iwe kama poda, kupima gramu 50. Unachanganya na oksidi ya risasi, soda, boraksi na unga wa ngano. Ndiyo, huo huo wa maandazi! Kaboni yake ndiyo inayogeuza oksidi kuwa risasi, na risasi inazama na dhahabu yote. Tanuru linakuwa kwenye nyuzi 1,100 hivi. Risasi ile ukiichoma tena kwenye kikombe cha magnesia inanywewa na kikombe, kinabaki kipunje cha kutafuta kwa macho.

Usiku mmoja nilitumia tena chungu cha tanuru kilichotoka kuchomewa sampuli yenye dhahabu nyingi. Asubuhi majibu yakaonyesha marudio, yaani mchanga wa kutupa, yana dhahabu kuliko mawe yanayoingia. Wenzangu wa planti walihangaika kwa muda wa saa nne kutafuta ugonjwa usiokuwepo, mpaka nikakiri. Siku hizi siamini bechi isiyo na sampuli tupu, yaani isiyo na dhahabu, na nyingine ambayo kiwango chake cha dhahabu kinajulikana.

Planti nako roho yako iko kwenye pH, kile kipimo cha asidi na alkali. Sianidi inayeyusha dhahabu vizuri maji yakiwa na chokaa ya kutosha, pH 10.5 hivi. pH ikishuka, inatoka gesi inayoua. Chokaa ikikata, funga sianidi kwanza, simu kwa bosi baadaye. Na kipimo cha risasi kwenye damu usikikwepe hata kama wenzako wanakucheka.

Ukikosa migodi mikubwa, usidharau ilusheni za Geita na Kahama, yaani mitambo ya kuvua dhahabu iliyonaswa na kaboni. Mshahara mwembamba, lakini utaiona kaboni ikiingia imebeba dhahabu, ikivuliwa, dhahabu ikinasa kwenye chuma, mpaka mkuo unamiminwa. Kwenye mgodi mkubwa unaweza kukaa miaka mitatu bila kuugusa. Ila kabla hujakubali, omba kuzungushwa: angalia chokaa iko wapi, upepo unapita wapi, na kipima gesi kina betri au ni pambo la ukutani.